Rivyu: VizieR, Aladin Lite na WiseView kwa anayewinda vumbi na wenza wafifu kwenye vibete vyeupe

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama unataka kutafuta diski za vumbi na wenza wafifu (vitu vidogo vinavyoambatana na nyota) kwenye vibete vyeupe na huna darubini yoyote, hizi huduma tatu zinakutosha kuanza, ni bure kabisa, zinafunguka kwenye brauza ya kawaida bila kuinstoo kitu, na mimi nazipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza siwalaumu waliozitengeneza, tatizo ni ukungu wa picha za WISE zenyewe (ile darubini ya angani iliyopiga picha anga lote kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho), na nitaliongelea kwa urefu maana ndo lilinila wiki mbili nzima na nisingependa likule na wewe.

Kwanza tuelewane tunawinda nini. Kibete cheupe ni kile kiini kinachobaki nyota kama Jua letu ikishamaliza mafuta yake na kupukutisha maganda ya nje. Kinakuwa na ukubwa wa Dunia hivi lakini kimebeba zaidi ya nusu ya uzito wa Jua, kwa hiyo mvutano wake ni mkali kiasi kwamba kitu chochote kizito kikiangukia pale juu kinazama, kwenye vibete vya moto kinaweza kupotea machoni ndani ya siku chache tu, kwenye vile vilivyopoa inaweza kufika hata miaka milioni. Sasa ukipima mwanga wa uso wake ulitakiwa ukute hidrojeni au heli, basi. Lakini kati ya robo na nusu ya vibete vyeupe vilivyopimwa vizuri vina kalisi, magnesi, chuma, yaani vitu vya mawe, na maana yake ni kwamba kuna kitu kinavimwagia hayo mawe mpaka leo hii. Dalili ya kwanza ilinaswa mwaka 1917 kwenye spektra (mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi) ya nyota ya van Maanen, kalisi ipo pale wazi kabisa, ila ilichukua miongo mingi kabla watu hawajajua wanaangalia nini.

Maelezo yanayokubalika sasa ni kwamba asteroidi iliyosalia kwenye mfumo ule inasukumwa na sayari, inapita karibu mno na kibete, umbali wa kama nusu ya kipenyo cha Jua, inachanwa na mvutano, vipande vinasagana mpaka vinakuwa vumbi, na vumbi linazunguka kama diski huku likidondoka kidogo kidogo. Mwaka 2015 darubini ya Kepler ilikamata kitu kama hicho kikimeguka kabisa mbele ya kibete WD 1145+017, kinazunguka kila baada ya saa 4.5! Ila diski zenyewe zinazoonekana kwa infraredi ni chache, asilimia 1 hadi 3 ya vibete vyeupe tu, kwa hiyo jiandae kukosa mara nyingi kabla hujapata.

Haya, VizieR. Hii ni maktaba ya katalogi za anga inayotunzwa na kituo cha data za nyota cha Strasbourg, Ufaransa, iko hewani tangu 1996, na ndani yake kuna karibu kila katalogi utakayosikia ikitajwa. Mi naipenda kwa sababu ya kitu kimoja, sehemu yao ya fotometria. Unaandika jina la nyota, unaweka nusu kipenyo cha duara la kutafutia, inakusanya vipimo vyote vya mwangaza kutoka katalogi mbalimbali na kukuchorea grafu hapo hapo, mwangaza kwa urefu wa wimbi. Ukiweka kishale cha mausi juu ya nukta inakuambia hiyo nukta imetoka katalogi gani na chujio gani. Kazi ambayo ungeifanya kwa mkono jioni nzima inaisha kabla chai haijapoa.

Ukitaka kuijua ladha yake andika G29-38. Hicho ni kibete kiko umbali wa miaka-nuru 57 hivi, joto la uso kama kelvini 11,800. Angalia grafu kuanzia kushoto, kwenye urujuanimno na bluu nukta ziko juu, halafu zinashuka vizuri kama mteremko kwa sababu kitu cha moto hivyo kinatoa mwanga mdogo sana kwenye infraredi. Unafuata mteremko, unafika mikroni 1 (mikroni ni milimita moja uigawe mara 1,000), unaendelea kushuka, unafika mikroni 2 hivi na hapo mteremko unakataa. Nukta zinagoma kushuka, zinapanda, zinatengeneza nundu inayoendelea mpaka kule mikroni 10 ambako kuna kivimbe kingine cha vumbi la silikati, yaani mchanga na mawe yaliyosagika. Hiyo nundu ndo vumbi lenyewe. Vumbi la joto la kelvini 1,000 linang'aa zaidi karibu na mikroni 3, na likisogea karibu zaidi na nyota linageuka gesi, kwa hiyo nundu karibu zote za namna hii zinaanzia sehemu ile ile. Mara ya kwanza kuiona nilikaa nayo muda mrefu sana, maana unaangalia mabaki ya dunia za watu wengine (kama zilikuwa na watu) kwenye skrini ya simu.

Na hapa kuna historia ambayo kila anayeingia kwenye hii kazi inabidi aijue. Ziada ya G29-38, yaani ule mwanga wa infraredi uliozidi mteremko, iliripotiwa mwaka 1987 na Zuckerman na Becklin, na mwanzoni walifikiri ni mwenza, kibete kahawia, yaani kile kitu kisichofikia kuwa nyota na kilichozidi kuwa sayari. Ilikuja kuonekana baadaye ni vumbi. Mwaka uliofuata, 1988, watu wale wale wawili wakaripoti ziada nyingine kwenye kibete GD 165, na safari hii ni mwenza kweli, GD 165 B, kipo pembeni sekunde 4 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja uigawe mara 3,600), na ndo kikaja kuwa mfano wa kwanza wa aina nzima ya vibete baridi vinavyoitwa aina ya L. Wataalamu wale wale, njia ile ile, majibu mawili tofauti! Kwa hiyo ukiona ziada kwenye grafu yako usikimbilie kuandika "diski", wala usikimbilie kuandika "mwenza".

Namna ya kuvitenganisha kwa kuanzia ni kuangalia ziada inaanzia wapi. Mwenza akiwa kibete chekundu (nyota ndogo isiyo na joto sana) ziada inaanza mapema, karibu na mikroni 1, wakati mwingine hata kwenye mwanga mwekundu wa kawaida. Akiwa kibete kahawia mara nyingi inaanza pale kati ya mikroni 1.2 na 2. Vumbi mara nyingi halionekani mpaka ufike mikroni 2 kwenda mbele. Ndo maana nasema vipimo vya J, H na K, yaani mikroni 1.2, 1.6 na 2.2, ni dhahabu. Tatizo ni kwamba 2MASS, ambayo ndo ilipima anga lote, haikuchungulia mbali sana, vibete vingi vyeupe ni hafifu mno kwake, utakuta nukta hazipo au zina mstari wa makosa mrefu kama mnazi. Tafuta UKIDSS kama nyota yako iko kaskazini au VHS kama iko kusini, hizo zinaona vitu hafifu zaidi na zote zimo VizieR. Mi siku hizi kibete kisicho na K ya kuaminika nakiweka pembeni, sihangaiki nacho.

Sasa onyo kuhusu ile grafu. Inachora kila kipimo kilichopo ndani ya duara ulilolichagua, iwe ni cha nyota yako au cha jirani yake. Ukiacha duara la sekunde 5 kwenye eneo lenye nyota nyingi utapata grafu inayotisha, nukta zimepangana ghorofa mbili tatu kwenye chujio moja. Punguza duara mpaka 2, halafu kagua nukta moja moja. Hiyo ni namna chombo kilivyo, kinakupa vyote na kukuachia wewe uchambue, na mimi naona ni sawa kabisa ilimradi ujue.

Nije kwenye Aladin Lite, ambayo ni ramani ya picha za anga ndani ya brauza, na hizo wiki mbili zangu.

Nilikuwa na orodha ya vibete kutoka katalogi ya darubini ya angani ya Gaia ya 2021, ile yenye vibete vyeupe kama 359,000 vya kuaminika, nikachukua kipande kidogo cha vile vinavyong'aa kiasi na kuanza kupita kimoja kimoja. Kimoja kikatoa ziada safi sana kwenye WISE, mikroni 3.4 juu ya mteremko, mikroni 4.6 juu zaidi, hakina K nzuri lakini nikajiambia itapatikana. Nikakaa wiki mbili napiga hesabu za joto la vumbi, nikapata kelvini 900 na kitu, ikaendana na kila nilichosoma, nikawa nalala na kuamka nacho. Siku nilipofungua Aladin Lite, nikaandika zile namba za mahali kilipo, nikabadilisha picha kutoka ile ya kawaida kwenda Pan-STARRS, ambayo ina picha kali zaidi, na kuvuta karibu mpaka mwisho, nikakiona kibete changu katikati, kidoa cha bluu kimetulia, na kando yake upande wa chini kulia kuna ukungu mdogo wa rangi ya kahawia, mrefu kidogo kwa upana kuliko kimo. Galaksi. Iko mbali kupita maelezo, imejipanga tu nyuma yake, umbali wa sekunde 3 za tao. Nikarudisha picha ya WISE mahali pale pale, kuna doa moja la duara. Moja. Vitu viwili vimemezwa na doa moja.

Iliniuma kwa kweli, lakini ndo nikaelewa kwa nini. WISE ilikuwa darubini ya sentimita 40 tu, ilirushwa Desemba 2009, na kwenye mikroni 3.4 na 4.6 doa lake lina upana wa sekunde 6 hivi za tao, kwenye mikroni 22 ni 12. Chochote kilichosimama ndani ya hapo kinahesabiwa kama mwanga wa nyota yako. Na galaksi za mbali zinang'aa vizuri sana kwenye infraredi, zimejaa angani kila kona, kwa hiyo ukipitia maelfu ya vibete lazima vingine vitakuwa na galaksi mgongoni. Hata wataalamu wamelipata hili tatizo, mwaka 2020 ilitoka kazi nzima ya kuonya, walichukua vibete vilivyochaguliwa kwa WISE wakavikagua kwa picha kali zaidi za Spitzer, darubini nyingine ya angani ya infraredi, na kukuta vingi vimechafuliwa na majirani.

Kwa hiyo Aladin Lite kwangu ndo nguzo ya hii kazi. Inafunguka haraka, kwenye simu pia, unaweza kupishanisha picha za DSS (zile za sahani za zamani zilizoskaniwa), Pan-STARRS, 2MASS na WISE mahali pale pale bila kuhama, unaweza kumwaga katalogi juu ya picha na kuona kila nukta imekaa wapi. Kwa bando haina shida sana, inapakua vipande unavyoviangalia tu. Kama ningeanza nayo siku ya kwanza, zile wiki mbili zingekuwa dakika mbili. Sasa hivi utaratibu wangu ni huu: grafu ikionyesha ziada sipigi hesabu yoyote mpaka nimekiona kibete kwa macho kwenye picha kali, na kama picha kali haipo eneo lile basi naandika "sijui" na kusonga mbele.

WiseView ndo ya tatu, na hii inafanya kitu kimoja tu lakini inakifanya vizuri. Ilitengenezwa na Dan Caselden na wenzake, wapo wanasayansi wa kujitolea humo ndani, kwa ajili ya kuangalia vitu hafifu vinavyohama kwenye picha za WISE. Unaweka namba za mahali, inakutengenezea picha inayocheza kuanzia 2010 hadi miaka ya mwisho ya NEOWISE (WISE ile ile kwa jina lake la baadaye). Nyota za nyuma zimetulia, kitu kilicho karibu nasi kinachechemea kidogo kidogo. Picha ina pikseli kubwa zenye ukungu, jicho linahitaji siku kadhaa kuzoea, usikate tamaa ukifungua mara ya kwanza na kuona madoa tu.

Inatusaidiaje sisi wa vumbi? Vibete vyeupe vingi tunavyoweza kuvipima viko karibu, kwa hiyo vinahama angani. Chukua kinachohama sekunde 0.2 kwa mwaka, kwa miaka 14 kimehama 2.8, ambayo ni kama pikseli moja ya WISE. Sasa kama ziada ya infraredi ni ya kwake, lile doa lote litahama naye. Kama ni galaksi ya nyuma, kibete kitaondoka na doa litabaki limejivuta upande mmoja. Hii ni njia nzuri mno na haihitaji hesabu, macho tu na uvumilivu. Kuna ya ziada pia, tafuta picha za zamani za sahani za kioo za miaka ya 1950, ziko mtandaoni zimeskaniwa, kibete kile kile wakati huo kilikuwa kimesimama zaidi ya sekunde 12 kutoka kilipo leo, kwa hiyo pale kilipo leo ni pa wazi kwenye picha ya zamani, unachungulia tu kama kuna kitu kilikuwa kimejificha hapo. Kitu kikiwa hafifu sana sahani haitakionyesha, lakini imeshaniondolea wagombea wawili kwenye orodha bila ubishi.

Kwa wenza walio mbali na kibete WiseView ndo tamu zaidi, maana mwenza anahama pamoja na kibete, kasi ile ile, upande ule ule. Mfano ninaoupenda ni WD 0806-661. Mwaka 2011 Luhman na wenzake walilinganisha picha za Spitzer na kukuta kidoa kinachotembea sambamba na hicho kibete, kiko mbali nacho mara 2,500 ya umbali wa Dunia na Jua, na ni baridi kupita kiasi, jotoridi lake linakaribia la siku ya kawaida tu hapa duniani. Angani kinaonekana pembeni sekunde 130 za tao, kwa hiyo usitafute mwenza karibu na nyota peke yake, panua sanduku. Wale wa karibu sana, kama kibete kahawia cha WD 0137-349 kinachozunguka kila dakika 116, hutawaona kwa picha hata ufanyeje, hao wanajulikana kwa spektra.

Zingine nizipitie haraka. VOSA ya Wahispania inakufitia modeli za vibete vyeupe juu ya vipimo vyako, ni nzuri, inabidi ujisajili, na kwa anayeanza ni nzito kidogo, ingia ukishaizoea VizieR. Backyard Worlds, ile iliyoanza Februari 2017, inafaa kwa asiyetaka hesabu kabisa, unaangalia picha zinazopepesa na kuonyesha kinachohama. Na usidharau watu wa kujitolea jamani, Melina Thévenot wa Ujerumani alikuwa anatafuta vibete kahawia akakutana na LSPM J0207+3331, kibete cheupe umbali wa miaka-nuru 145 chenye ziada ya infraredi, akawapelekea timu, wakaenda kukihakiki kwa darubini ya Keck kule Hawaii, na ilipotangazwa 2019 kikawa kibete kikongwe na baridi kuliko vyote vilivyojulikana kuwa na vumbi, umri miaka bilioni 3 hivi. Asteroidi bado zinaanguka baada ya muda wote huo, hakuna aliyetegemea.

Kuhusu huko mbele, NEOWISE iliacha kupiga picha mwishoni mwa Julai 2024 na haipo tena, kwa hiyo picha za WiseView ndo hizo, haziongezeki. Badala yake kuna darubini ya angani ya SPHEREx, ilirushwa Machi 2025, inapima anga lote kwa rangi 102 kuanzia mikroni 0.75 mpaka 5, data zinatolewa kwa umma. Fikiria, badala ya nukta mbili za WISE unapata mteremko mzima, unaona kabisa pale unapogoma! Ila pikseli zake ni sekunde 6.2 za tao, ukungu uko pale pale, galaksi za mgongoni zitaendelea kutudanganya na Aladin itaendelea kuwa na kazi.

Kwa hiyo VizieR tano, Aladin Lite tano, WiseView nne kwa sababu ya hizo pikseli, na data za WISE zenyewe tatu na nusu, ukichanganya inakuja nne na kitu, ndo ile nne yangu ya mwanzo. Kiingereza cha kawaida utakihitaji kwenye kurasa zote tatu.

Kwenye daftari langu kuna kibete kimoja bado kimesimama. Picha kali imepita, hakuna jirani ndani ya sekunde 8, kwenye WiseView doa linahama nacho, K ipo na iko kwenye mteremko, halafu mikroni 3.4 na 4.6 ziko juu. Nimesharudia kila hatua mara tatu. Nasubiri vipimo vya SPHEREx vya upande ule wa anga, na vikikubali natafuta mtu mwenye spektra aangalie kama kuna kalisi.